Kichipu cha miguu minane: kinavyobeba sauti ya redio na kuamua lini taa ya sola izimwe

Kila unaposikia sauti ya mtangazaji kwenye redio yako, iwe uko Msamvu unasubiri basi au uko shambani Mgeta unapalilia karoti, sauti hiyo imepita kwanza ndani ya kijidude cheusi chenye ukubwa wa punje ya mahindi iliyonona. Kina miguu minane ya bati, minne upande huu na minne upande ule. Ukifungua miksa ya studio utavikuta vimepangwa safu kama viti vya kwenye daladala. Ukifungua amplifaya ya kanisani au msikitini vimo. Na ukifungua kile kiboksi cha sola kinachokaa kati ya paneli, betri na taa, hasa vile vya muundo wa zamani, kuna uwezekano mkubwa ukakuta kimoja kimejificha.

Mafundi wetu wa hapa mjini hukiita tu aisii. Jina lake kamili la kihandisi ni refu na halitatusaidia. Kwa kifupi kinaitwa opampu, na hilo ndilo nitakalotumia.

Makala haya yametokana na meseji zenu. Baada ya kipindi chetu kuhusu betri za sola zinazokufa mapema, swali moja lilirudi kutoka Kinole, Matombo, Mkuyuni na hata hapa mjini Kihonda: kwa nini kidhibiti kinazima taa saa tatu usiku wakati betri bado ina moto? Na je, kuna ubaya gani kukiruka, ukaunga waya moja kwa moja kwenye betri? Jibu fupi ni kwamba ubaya upo, na unaulipia kwa fedha. Jibu refu linapita studioni. Mimi nina cheti cha utangazaji, si mhandisi, lakini nimekaa miaka kadhaa pembeni ya fundi wa studio anayependa kueleza, na hesabu zilizomo humu ni za kuzidisha na kugawanya tu.

Kazi yake ni moja tu

Opampu ina milango miwili ya kuingilia na mmoja wa kutokea. Mlango mmoja wa kuingilia una alama ya kujumlisha, mwingine una alama ya kutoa. Tuiite mguu wa chanya na mguu wa hasi. Usiichanganye na chanya na hasi ya betri; kuna miguu mingine miwili ya kulisha umeme wa kuiendesha, na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Kazi ya opampu ni kutazama tofauti ya volti kati ya mguu wa chanya na mguu wa hasi, kuizidisha mara nyingi mno, na kutoa jibu kwenye mguu wa kutokea. Haijali volti zenyewe ni ngapi. Mguu mmoja ukiwa na volti 5 na mwingine volti 5, kwake ni sawa na sifuri na sifuri. Chanya ikizidi, jibu linapanda. Hasi ikizidi, jibu linashuka.

Mara nyingi kiasi gani? Chukua opampu maarufu kuliko zote, ile ya namba 741. Kwa kawaida inazidisha tofauti hiyo kama mara 200,000. Sasa piga hesabu. Ukiweka tofauti ya milivolti 1, yaani sehemu moja ya elfu ya volti, jibu linatakiwa kuwa volti 200. Lakini kichipu chenyewe kinalishwa volti 15 juu ya sifuri na volti 15 chini ya sifuri. Mpishi hapakui ugali uliozidi uliomo kwenye sufuria. Kwa hiyo jibu linapanda hadi volti 13 au 14 hivi, linagonga dari na kukaa hapo.

Maana yake ni kwamba opampu ikiachwa peke yake haifai kitu kwa sauti. Tofauti ndogo isiyoonekana kwa macho inaitupa darini au sakafuni. Ni kama mtu asiyejua kuongea taratibu, anajua kunyamaza na kupiga kelele tu. Na hapo ndipo akili ya binadamu ilipoingia.

Mtu wa langoni

Mnaotoka Mgeta mnaijua mifereji inayoshuka kutoka mlimani kwenda kwenye bustani za mboga. Fikiria kijana mmoja amesimama kwenye lango la mfereji. Kule bustanini umechomeka kijiti chenye alama. Umemwambia kijana neno moja tu: maji yakiwa chini ya alama, fungua kwa nguvu zako zote, yakiwa juu ya alama, funga kwa nguvu zako zote. Kijana huyu ana nguvu za kupita kiasi na ana macho makali sana.

Nini kitatokea? Maji yatapanda hadi kwenye alama na kutulia hapo. Yakishuka unywele mmoja, kijana anafungua. Yakipanda unywele mmoja, anafunga. Ukitazama kwa mbali utaona maji yametulia tuli. Na tazama jambo hili: hata ukimbadilisha kijana ukaleta mwingine mwenye nguvu nusu ya za yule, maji bado yatakaa kwenye alama ile ile. Nguvu ya mtu haiamui tena kimo cha maji. Kijiti ndicho kinachoamua.

Huo unaitwa mrejesho hasi. Kwenye opampu tunachukua sehemu ya kile kinachotoka na kukirudisha kwenye mguu wa hasi. Jibu likipanda mno, mguu wa hasi nao unapanda, tofauti inapungua, jibu linarudi chini. Kila mara inajisahihisha yenyewe, tena kwa kasi ambayo sikio haliwezi kuifuatilia.

Aliyefikia wazo hili alikuwa mhandisi wa simu wa Marekani, Harold Black, asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, akiwa kwenye kivuko akielekea kazini New York. Alilichora juu ya ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo. Tatizo lake lilikuwa simu za masafa marefu: sauti ilikuzwa njiani mara nyingi, na kila kikuzaji kiliongeza ukwaruzaji wake. Black aliona kwamba ukikubali kupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya kikuzaji kwa kuirudisha nyuma, unapata usafi na uthabiti. Kutupa nguvu uliyoihangaikia kulionekana kama upuuzi. Hataza yake ilitolewa mwaka 1937, miaka tisa baada ya kuiomba.

Turudi kwenye hesabu. Sauti inaingia kwenye mguu wa chanya. Kutoka mguu wa kutokea tunashusha rezista mbili zilizofuatana hadi kwenye sifuri: ya kwanza ya omu 10,000, ya pili ya omu 1,000. Pale zinapokutana tunavuta waya hadi mguu wa hasi. Rezista hizo mbili zinagawana volti: sehemu 10 zinabaki juu, sehemu 1 inabaki chini. Kwa hiyo mguu wa hasi unaona sehemu moja ya kumi na moja ya jibu.

Ingiza milivolti 100. Opampu itapandisha jibu hadi mguu wa hasi nao ufike milivolti 100, kwa sababu hapo ndipo tofauti inapoisha. Ili sehemu moja ya kumi na moja iwe milivolti 100, jibu lenyewe lazima liwe milivolti 1,100. Umekuza sauti mara 11. Haikutokana na kichipu kuwa na nguvu ya mara 11. Umechagua wewe kwa rezista mbili za bei ya pipi. Zile mara 200,000 zimekuwa kama misuli ya yule kijana wa langoni: zipo, zinafanya kazi, lakini hazionekani.

Na ukiondoa rezista zote ukaunga mguu wa kutokea moja kwa moja na mguu wa hasi? Jibu linakuwa sawa kabisa na kilichoingia, mara 1. Unaweza kuuliza kuna faida gani. Faida ni kwamba mguu wa kuingilia hauvuti karibu chochote kutoka kwenye chanzo, wakati mguu wa kutokea una nguvu ya kusukuma waya mrefu. Ni kama msemaji wa mzee mgonjwa: anarudia maneno yale yale bila kuongeza wala kupunguza, ila anasikika hadi nyuma ya mkutano.

Mpangilio mwingine: ubao juu ya jiwe

Katika mpangilio wa pili, mguu wa chanya unaungwa kwenye sifuri na kuachwa hapo. Sauti inaingia kwenye mguu wa hasi kupitia rezista ya omu 1,000, na rezista ya omu 10,000 inatoka kwenye jibu kurudi mguu huo huo wa hasi.

Opampu, kama kawaida yake, itafanya kila iwezalo miguu miwili ilingane. Kwa kuwa chanya iko sifuri, itaulazimisha mguu wa hasi nao ukae sifuri, ingawa hakuna waya unaouunganisha na sifuri. Mafundi huuita sifuri ya kuigiza. Sasa chukua ubao wa pembea wa watoto, uweke juu ya jiwe, upande mmoja hatua 1, upande wa pili hatua 10. Jiwe halisogei, ndiyo ile sifuri ya kuigiza. Ukisukuma mkono mfupi juu kwa sentimita 1, mkono mrefu unashuka sentimita 10. Ndivyo ilivyo hapa: kilichoingia kinatoka mara 10, lakini kimepinduliwa. Kikipanda huku, kinashuka kule. Kwa sikio la binadamu sauti iliyopinduliwa peke yake haina tofauti, kwa hiyo hilo halitusumbui.

Kinachonifurahisha mimi kama mtu wa studio ni kile unachoweza kufanya na sifuri hiyo ya kuigiza. Unaweza kuleta sauti ya pili kwa rezista yake nyingine, ya tatu kwa yake, ya kumi kwa yake, zote zikakutana pale pale. Jibu linakuwa jumla yao. Hiyo ndiyo miksa! Maiki yangu, maiki ya mgeni, simu ya msikilizaji kutoka Kilosa na muziki wa chini chini vinakutana kwenye nukta moja. Na kwa kuwa nukta hiyo imeshikiliwa kwenye sifuri, hakuna sauti inayoweza kurudi nyuma na kuingia kwenye njia ya mwenzake. Kama ungeziunganisha kwa waya tu bila opampu, ungeshusha muziki na sauti ya mgeni nayo ingebadilika.

Kujumlisha huko ndiko kulikoipa opampu jina lake. Miaka ya 1940 kulikuwa na mashine za hesabu zilizotumia volti badala ya tarakimu: volti 3 ukijumlisha na volti 4 unapata volti 7. Jina lilitokea kwenye andiko la John Ragazzini na wenzake mwaka 1947, likimaanisha kikuzaji cha kufanyia matendo ya hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya George Philbrick ikaanza kuuza K2-W, opampu ya taa za kioo iliyohitaji volti 300 juu na 300 chini. Ukigusa hiyo hurudi kusimulia. Mwaka 1965 Bob Widlar wa kampuni ya Fairchild akaleta 709 ndani ya kipande cha silikoni, na 1968 Dave Fullagar wa kampuni hiyo hiyo akaleta 741, ambayo mwanafunzi anaweza kuiunga vibaya mara kadhaa na bado ikamsamehe. Bado inauzwa leo.

Mngurumo unakoondokea

Kuna jambo wasikilizaji hawalioni kwa sababu limefanikiwa. Waya wa maiki unapita karibu na nyaya za umeme, na umeme wetu unatikisika mara 50 kwa sekunde. Kila waya mrefu ni kama antena ya mtikisiko huo. Ndio ule mngurumo wa mmm unaousikia kwenye spika za kukodi harusini.

Maiki nzuri haitumi sauti kwa waya mmoja. Waya wake una nyuzi mbili na kifuniko cha nje. Uzi wa kwanza unabeba sauti ilivyo, wa pili unabeba sauti ile ile ikiwa imepinduliwa. Tuseme wakati fulani uzi mmoja una milivolti 1 juu, mwingine milivolti 1 chini. Njiani umeme unatia mngurumo wa milivolti 20, na kwa kuwa nyuzi zimesokotwa pamoja, zote mbili zinapata kiasi kile kile. Zinafika kwenye miksa zikiwa na 21 na 19. Opampu iliyozungukwa na rezista nne zilizolingana inatoa moja kwenye nyingine: 21 toa 19 ni 2. Mngurumo umekwisha, sauti imebaki, tena mara mbili.

Neno zito hapo ni zilizolingana. Rezista moja kati ya nne ikikosea kwa asilimia 1 tu, nusu ya asilimia ya mngurumo inapenya. Kwa mfano wetu ni milivolti 0.1 kwa sauti ya milivolti 2, na hiyo sikio linaisikia vizuri sana mtangazaji anaponyamaza. Ndiyo maana fundi anayejua kazi habandiki rezista yoyote tu aliyoikuta kwenye kopo.

Njia hii hii, ikiongezewa opampu mbili mbele, ndiyo inayotumika kwenye mashine ya hospitali ya kupima umeme wa moyo. Moyo unatoa takriban milivolti 1 juu ya ngozi ya kifua, huku mwili mzima umelowa mngurumo wa nyaya za wodini. Daktari anahitaji ile moja.

Kwa nini hatukuzi mara elfu kwa mkupuo

Maiki ya kawaida inatoa milivolti 1 au 2 mtu akiongea karibu. Miksa inahitaji kama volti 1 na kidogo. Ni ukuzaji wa karibu mara elfu. Kwa nini tusiweke rezista za mara elfu tukamaliza?

Kwa sababu opampu ina mfuko mmoja wa nguvu na kasi. Kwa 741, ukizidisha ukuzaji na kasi ya mtikisiko unaoweza kukuzwa hivyo, hupati zaidi ya milioni moja. Ukuzaji wa mara 1,000 unakuachia mitikisiko 1,000 kwa sekunde, wakati sikio la kijana linasikia hadi 20,000. Sauti ingetoka kama ya mtu aliyefungwa ndani ya gunia, herufi s na f zikapotea. Opampu za sauti kama NE5532 zina mfuko mkubwa mara 10, lakini hata hizo kwa mara elfu zinaishia 10,000. Dawa ni kugawa kazi: ya kwanza ikuze mara 30, ya pili mara 30 tena. Thelathini mara thelathini ni 900, na kila moja imebaki na kasi ya kutosha.

Mtangazaji akipiga kelele huku ukuzaji umefunguliwa wote, jibu linagonga ile dari ya volti 13 na kilele cha sauti kinakatwa bapa, kama kilele cha Lupanga kikikatwa na wingu. Huo ndio mkwaruzo unaousikia mahubiri yanapopamba moto. Ni dari tu, kichipu hakijaharibika, na ukishusha kitufe cha kwanza unapona.

Sasa tuje kwenye sola

Yote niliyoeleza yanategemea mrejesho hasi. Ukiuondoa, opampu inarudi kwenye tabia yake ya kuzaliwa: dari au sakafu. Kwa sauti ni hasara. Kwa betri ndicho hasa tunachokitaka, kwa sababu swali lenyewe ni la ndiyo au hapana: taa iwake au isiwake?

Kidhibiti cha namna hii hufanya hivi. Mguu wa hasi unawekwa kwenye volti ambayo haibadiliki, tuseme 5.6, inayotunzwa na kijidude kiitwacho zena. Mguu wa chanya unaletewa nusu ya volti za betri kupitia rezista mbili zilizo sawa. Betri ikiwa na volti 12.6, nusu yake ni 6.3, inazidi 5.6, jibu liko darini, taa zinawaka. Betri ikishuka chini ya 11.2, nusu yake inakuwa chini ya 5.6, jibu linaanguka sakafuni, taa zinazimwa.

Lakini hapo kuna mtego. Betri ikipumzishwa mzigo, volti zake hupanda zenyewe. Taa zimezimwa kwenye 11.2, betri inapumua, inafika 11.6. Opampu inaona nusu yake imezidi, inawasha. Mzigo unairudisha 11.2, inazima. Unapata taa zinazopepesa na swichi ya ndani inayogonga ta-ta-ta-ta mpaka iungue.

Dawa yake ni mrejesho chanya, ndugu mtukutu wa ule wa Black. Huu mnaujua kwa masikio: maiki ikisogezwa mbele ya spika, sauti inarudi, inakuzwa, inarudi tena, mpaka ukumbi mzima unapiga mluzi. Unajisukuma badala ya kujisahihisha. Kwenye kidhibiti tunautumia kwa kipimo. Rezista moja kubwa inatoka kwenye jibu kurudi mguu wa chanya. Taa zikiwa zinawaka, inausukuma mguu huo juu kidogo, hivyo betri lazima ishuke kweli kweli ndipo zizimwe. Zikishazimwa, inauvuta chini, hivyo betri lazima ipande hadi tuseme 12.5 ndipo ziwake tena. Volti 12.5 haifikiwi kwa kupumzika tu usiku. Inahitaji jua.

Hilo ndilo jibu la wale waliouliza kwa nini taa hazirudi hata wakisubiri nusu saa. Kidhibiti hakijakosea, kinangoja asubuhi.

Na moto mnaouona umebaki? Upo kweli, mita itakuonyesha volti 11 na ushei, na taa ukiiunga moja kwa moja itawaka. Lakini betri ya risasi na asidi ya volti 12 haihesabiwi kuanzia sifuri. Ikijaa na kupumzika inasoma kama 12.7. Ikifika 11.8 bila mzigo, karibu yote imekwisha. Ukiendelea kuikamua, sahani zake zinafunikwa na chumvi ya risasi ambayo, ikikaa bila kuchajiwa, inakuwa ngumu kama ukoko wa sufuria na haiondoki tena. Kila usiku wa namna hiyo unapunguza nafasi ya kesho. Betri iliyokuwa ikifika saa tano usiku inafika saa tatu, halafu saa moja, halafu unaambiwa ni mbovu. Milimani kwetu, ambako msimu wa masika ukungu unaweza kukaa siku nzima na paneli isipate kitu, betri inabaki tupu kwa siku kadhaa mfululizo, na ukoko unapata muda wa kutosha. Anayekiruka kidhibiti ili amalizie mpira anakopa kwenye bei ya betri mpya, na kwa familia nyingi hiyo ni ada ya mtoto.

Kama taa zinazimwa mapema kila siku, cha kukagua ni vumbi kwenye paneli, kivuli cha mgomba uliokua tangu ifungwe, waya mwembamba kupita kiasi, au mzigo ulioongezwa kimya kimya. Kidhibiti kiguse mwisho.

Vidhibiti vingi vipya vimehamishia hesabu hii kwenye kompyuta ya aisii moja, lakini wazo ni lile lile. Kiboksi cha kulinda friji nacho ni ndugu yao: kinalinganisha umeme wa ukutani na kipimo, kinakata ukishuka mno. Zile dakika chache kinazokusubirisha umeme ukirudi ni kapasita inayojaa polepole kupitia rezista huku opampu ikiitazama. Inaipa gesi ya kompresa muda wa kutulia, kwa sababu mota ikilazimishwa kuanza wakati gesi bado imebana upande mmoja, inaungua. Usikichomoe na kukirudisha ukidhani unakiharakisha.

Ukiwa na mita mkononi

Mwaka jana njia ya pili ya miksa yetu ilikufa. Duka moja la vifaa, sitalitaja, lilituambia miksa nzima haitengenezeki, tununue nyingine. Fundi wetu alikaa nayo mchana mmoja. Alichofanya kinaweza kumsaidia fundi yeyote wa Mji Mpya au wa Ifakara, kwa hiyo nakiandika.

Kwanza alipima chakula. Kwenye vichipu vya miguu minane vyenye opampu mbili ndani, kama 4558, TL072 na NE5532, mguu wa 8 ni umeme wa juu na wa 4 ni umeme wa chini. Hapo kukikosekana volti, kichipu hakina kosa, kimelala njaa. Kisha akapima mguu wa 2 na wa 3, hasi na chanya za opampu ya kwanza. Za pili ni wa 6 na wa 5. Kwenye njia ya sauti yenye mrejesho hasi, miguu hiyo miwili lazima isome karibu sawa. Ikilingana na mguu wa kutokea, wa 1 au wa 7, uko karibu na sifuri, endelea mbele, tatizo liko kwingine.

Ikitofautiana, tazama jibu limeegemea wapi. Chanya imezidi na jibu liko darini: opampu inatii sheria yake, ila haisikilizwi, tafuta rezista ya mrejesho iliyokatika au risasi iliyopasuka. Chanya imezidi lakini jibu liko sakafuni: kichipu kimekufa, kitoe. Chetu kilikuwa hivyo. Alifunga kwanza soketi ya miguu minane, akachomeka kipya juu yake, ili siku nyingine kibadilishwe bila moto.

Ukinunua kipya, jihadhari na vilivyofutwa namba na kuandikwa upya, hasa NE5532, maana vya bandia vipo sokoni. Pangusa maandishi kwa pamba yenye spiriti ya rangi. Yakitoka, rudisha kabla hujaondoka dukani.